Ile 054 Juu ya Mlango wa Babu

Wasomaji wapenzi, mwezi huu nimepata barua sita zinazouliza jambo moja kwa njia sita. Nimeamua kuzijibu zote pamoja, na kurasa zote za safu hii nimezipa namba za simu za Zanzibar. Nilikaa na namba hizo tangu 1979, nilipoingia chumba cha maopereta mjini Unguja nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, mpaka siku niliyostaafu. Tarakimu za mwisho za namba za watu nimezificha, maana ni za wenyewe.

SWALI: *Shikamoo Bi Mkubwa. Tunatengeneza duka la marehemu babu yetu mtaa wa Malindi, Unguja. Alikuwa fundi wa kanzu. Juu ya mlango, chini ya rangi ya buluu, kimetokea kibao cha mbao kilichoandikwa jina lake, sanduku la posta, na "SIMU 32…" yenye tarakimu tano tu. Pembeni kwa herufi ndogo pana "054". Mimi nimezaliwa 1998 na 054 siijui. Ni namba ya nini, na ile 024 ya leo imetoka wapi? Je, simu ya babu bado inaweza kulia?* — Mjukuu, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nakuomba usikipake rangi tena kibao hicho. Kisugue kwa kitambaa chenye maji kidogo, kikauke, kirudi mahali pake.

Hiyo 054 ndiyo iliyokuwa namba ya Zanzibar kabla ya 024. Zamani miji mikubwa ya Tanzania ilikuwa na namba zake za kuingilia: Dar es Salaam 051, Zanzibar 054, Moshi 055, Arusha 057, na kuendelea. Mtu aliyeko Dar akimtaka babu yako alianza na 054, kisha tarakimu tano za babu. Aliyeko hapa Unguja hakuwa na haja ya 054. Alizungusha zile tano tu, na simu ikalia Malindi. Ndiyo maana kwenye kibao tarakimu tano zimeandikwa kwa ukubwa na 054 imewekwa pembeni kwa udogo. Fundi aliyekiandika aliwajua wateja wa babu yako: wengi walikuwa watu wa hapa hapa mjini, na ile 054 alimwekea mgeni wa bara anayetaka kanzu ya Idi.

Kuzungusha namba mwenyewe lakini kulikuja baadaye kwa wengi. Mimi nilipoanza kazi, simu za mbali, zile tulizoziita tranki, zilipitia mikononi mwetu. Mtu anatwaa mkono wa simu, tunamwitikia, anasema, "Nipatie Dar es Salaam, namba kadhaa." Tunaandika kwenye tiketi: nani anapiga, anamtaka nani, saa ngapi. Kisha anaambiwa aweke chini asubiri. Kusubiri huko kulikuwa dakika ishirini siku njema. Siku ya mkesha wa sikukuu mtu aliomba simu asubuhi akaipata baada ya alasiri. Laini ikipatikana tunampigia, tunachomeka waya upande huu na upande ule, tunasema "Zungumzeni," na tunatazama saa. Dakika tatu zikitimia tunaingia katikati: "Dakika tatu zimekwisha, mnaendelea?" Neno hilo nililisema mara nyingi kuliko jina langu. Kuna watu waliniitikia "Ndiyo, mwanangu, ongeza," na kuna waliokata papo hapo, salamu ikabaki nusu, kwa sababu hela waliyonayo ilikuwa ya dakika tatu.

Nyumba yenye simu ilikuwa nyumba ya mtaa mzima. Ukiona kwenye picha za zamani simu nyeusi ya duara yenye kufuli dogo la shaba limetiwa kwenye tundu la kidole, ujue wenyewe walichoshwa na majirani. Kufuli lilizuia duara lisizunguke. Simu ya kuingia ilipokelewa kama kawaida, ya kutoka haikuwezekana mpaka mwenye ufunguo arudi. Watoto wa mjini walikwisha kugundua kwamba ukigonga kile kitufe kinachokaliwa na mkono wa simu, ukagonga mara tatu kwa haraka, mtambo unahesabu kama umezungusha tatu. Walipiga namba nzima kwa kugonga hivyo, kufuli likiwa mahali pake.

Sasa 024. Mwishoni mwa miaka ya 1990 namba zote za simu za mezani nchini zilipangwa upya. Miji mingi iliyokuwa kila mmoja na namba yake ilikusanywa katika maeneo saba, yote yakianza na 02. 022 ikawa Dar es Salaam peke yake. 023 ikachukua Pwani, Morogoro, Lindi na Mtwara. 025 ni Mbeya, Rukwa na Ruvuma. 026 ni Dodoma, Iringa, Singida na Tabora. 027 ni Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga. 028 ni mikoa ya Ziwa mpaka Kigoma. Mikoa mipya iliyozaliwa baadaye ikabaki kwenye namba ya mama yake. Na 024 ikawa Zanzibar: Unguja na Pemba, basi. Moshi na Arusha, zilizokuwa na 055 na 057 zao, leo ziko pamoja ndani ya 027. Sisi hatukuchanganywa na mkoa wowote. Sitaficha kwamba siku nilipouona mpango ule na kuikuta 024 imesimama peke yake, nilifurahi sana.

Tarakimu tano za mteja nazo zikawa saba. Hesabu yake ilikuwa nzuri na bado ni nzuri. Chukua sufuri ya mwanzo, ongeza tarakimu mbili za eneo, ongeza saba za mteja: jumla kumi. Na namba ya mkononi, kuanzia sufuri yake, ni kumi vile vile. Nchi nzima namba zikawa na urefu mmoja, mtambo haubabaiki, na mtu akikupa namba ya tarakimu tisa unajua hapo hapo kwamba kuna moja imesahauliwa.

Kwa babu yako njia ni nyepesi. Wakati ule nilikuwa nimeshahamishiwa kwenye dawati la wateja, na kwa miezi mingi kazi yangu kubwa ilikuwa kusema sentensi mbili: "Namba ya Unguja mjini, tia 22 mbele yake. Namba ya Pemba, tia 24 mbele yake." Kwa hiyo 32… ya babu ikawa 2232…, na kwa mtu wa mbali ikawa 024 2232… Ukipita Mji Mkongwe leo ukatazama juu ya milango utakuta vibao ambavyo hiyo 22 imeongezwa kwa mkono mwingine, rangi nyingine, imebanwa kati ya neno "SIMU" na tarakimu za zamani kwa sababu fundi wa kwanza hakuacha nafasi. Mimi nikiviona vibao hivyo husimama. Najua wiki ambayo mtu yule alipanda ngazi na kopo la rangi, maana pengine alitoka dawatini kwangu.

Pemba ndiko kulikokuwa na taabu. Namba za Chake Chake zilizoanza na 52 zikawa 2452; za Wete zilizoanza na 54 zikawa 2454; za Mkoani zilizoanza na 56 zikawa 2456. Tia na 024 mbele yake, inakuwa 024 2452… Watu wakiona "024" halafu "24" tena, walidhani ni kosa la mpiga chapa, wakaifuta moja. Barua ngapi za ofisi zilichapwa na namba pungufu! Alikuja mzee mmoja kutoka Wete, amepanda boti makusudi kwa shughuli zake, akanipitia na daftari la duka. Kila namba ya Pemba ndani yake alikuwa ameikata ile 24 ya pili kwa kalamu nyekundu, kwa uangalifu, kwa rula. Simu zake hazikwenda kwa mwezi mzima na alidhani laini ya Pemba imekufa. Tulikaa pamoja tukazirudisha moja moja. Mama yangu mzazi ni wa Wete, kwa hiyo jambo hilo lilinigusa: wenye safari ndefu zaidi ndio waliopewa namba yenye kutatiza zaidi.

Kama simu ya babu italia, jaribu. Piga 024, kisha 22, kisha hizo tano za kwenye kibao, kutoka simu yoyote ya mkononi. Namba nyingi za mezani zilikatwa wenyewe walipohamia mkononi, kwa hiyo usishangae ukiambiwa haipatikani. Lakini angalia pia ukutani, nyuma ya kabati la vitambaa, kwa chini. Duka la wakati ule kwa kawaida lina kisanduku kidogo cha rangi ya maziwa chenye skrubu moja katikati, na waya mweusi unaopanda pembeni mwa fremu ya mlango mpaka nje. Kama kipo, usiking'oe. Ndimo sauti ya babu yako ilimopita.

SWALI: *Assalaam alaykum. Mimi naishi Maskati, wazee wangu ni wa Unguja. Nina maswali mawili. Nikipiga namba ya skuli moja ya Zanzibar iliyoandikwa 024 223…, nikatanguliza 00 255, simu haiendi. Na pili, nimeona katika orodha moja ya zamani ya namba za nchi, Zanzibar ina namba yake, 259. Ni kweli? Mbona hakuna anayeitumia?* — Binti wa Shangani, Maskati

JIBU: Waalaykumu salaam binti yangu. La kwanza ni la sufuri. Sufuri ya 024 ni ya kupigia ndani ya Tanzania tu. Ukiwa nje unaiacha: 00 255 24 223… na kuendelea. Oman nyinyi hamna namba za maeneo. Namba zenu ni tarakimu nane moja kwa moja baada ya 968, kwa hiyo hamkuzoea sufuri ya kuacha nyuma. Ndugu zetu wa London hawapati taabu hiyo kwa sababu namba za Uingereza nazo zina sufuri inayodondoshwa mtu akipiga kutoka nje.

La pili ni kweli, na umenigusa moyo ulipolitaja.

Katika miaka ya 1960 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ule unaoitwa ITU, uligawa namba za nchi za dunia nzima. Afrika ilipewa namba zinazoanza na 2. Kwetu huku mgawo ulikwenda kwa mstari: 254 Kenya, 255 Tanganyika ambayo leo ni Tanzania, 256 Uganda, 257 Burundi, 258 Msumbiji, 259 Zanzibar, 260 Zambia. Zanzibar ilipata uhuru wake Desemba 1963, Mapinduzi yakawa Januari 12, 1964, na Muungano Aprili 26 mwaka ule ule. Katika orodha tukawa tumeandikiwa 259 kama nchi peke yake.

Lakini hakuna simu iliyowahi kulia Unguja au Pemba kwa 259. Namba ilikaa kwenye karatasi. Kupiga simu ya nje bila opereta kulipofika kwetu, Zanzibar ilikwisha kuwa ndani ya mtandao mmoja na bara, simu za nje zikaingia kwa 255, kisha 54, na baadaye 24. Leo ukitazama orodha ya dunia, kati ya 258 ya Msumbiji na 260 ya Zambia pana pengo. Hakuna nchi iliyopewa 259. Wapo wanaoniuliza kama hilo ni la siasa. Mimi nilikuwa fundi wa sauti za watu na nakwambia ninachokijua: mitambo ilifuata waya, na waya wetu ulikwenda Dar es Salaam.

Kwa kuwa wazee wako ni wa Shangani, nikuongezee hili. Mji wetu ulikuwa na waya wa baharini kabla ya nchi nyingi za upande huu kuujua. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilitandika kebo ya telegrafu, yaani ya simu za maandishi, kutoka Aden hadi Zanzibar, ikateremka Msumbiji mpaka Durban. Jumba kubwa la Shangani linalotazama bahari, tuliloliita Extelecoms, ndimo kazi ya simu za nje ilimofanyika kwa miaka mingi. Sasa ni hoteli. Ukija likizo pita pale jioni. Madirisha yanayotazama bahari ni yale yale.

SWALI: *Bi Mkubwa, shangazi yangu wa Mombasa anasema kupiga Zanzibar ni 007 na si 255. Mimi nikamwambia amechanganya. Nani ana haki?* — Kijana wa Old Town, Mombasa

JIBU: Shangazi yako ana haki, na wewe pia. Muombe radhi yeye kwanza.

Kenya, Uganda na Tanzania zina njia yao ya jirani. Kwenda Kenya ni 005, Uganda 006, Tanzania 007. Baada ya hapo unatia namba ya eneo bila sufuri. Kutoka Mombasa, shangazi anapiga 007 24 223…, na mimi nikimpigia ni 005 41, kisha namba yake. Dunia nyingine inapita 000 kwa sisi wa hapa, kisha namba ya nchi. Ukitumia simu ya mkononi na alama ya kujumlisha, +255 24 inakufikisha vile vile.

Ila shangazi yako kama ni mtu wa zamani, muulize kama anaikumbuka 011. Hiyo ndiyo iliyokuwa Mombasa kabla ya 041, kama Nairobi ilivyokuwa 02 kabla ya 020. Malindi ya Kenya ilikuwa 0123 na Lamu 0121, leo zote mbili ziko ndani ya 042. Kwa hiyo pwani yote imepitia ubao huo huo wa fundi rangi. Na sisi wa dawatini 041 ilitupa kazi, kwa kuwa Kampala nako kulikuwa 041 kabla ya kuwa 0414. Mteja akisema tu "zero arobaini na moja" ilibidi kuuliza, "Mombasa au Kampala, ndugu yangu?"

SWALI: *Sisi Mafia ni kisiwa, tunasema Kiswahili cha visiwani, ndugu zetu wengi wako Unguja. Kwa nini simu zetu ni 023 na si 024?* — Kilindoni, Mafia

JIBU: Kwa sababu namba ilifuata utawala, na Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Mkoa wa Pwani uko 023, nanyi mmo humo. 024 inaanzia Nungwi inaishia Makunduchi kwa Unguja, na kwa Pemba kutoka Kigomasha mpaka kusini ya Mkoani, pamoja na visiwa vyetu vidogo vya pembeni: Tumbatu, Uzi, Kojani na vyenzake. Undugu hauna msimbo, lakini mkitaka kupiga Unguja kwa simu ya mezani mtatanguliza 024 kama mtu wa Morogoro anavyofanya.

SWALI: *Nimenunua samani kwa mtu aliyenitumia namba inayoanza na 0777. Akasema "mimi ni wa Zanzibar, unaona namba yangu." Nimetuma pesa na sijamwona. Je, 0777 si ya Zanzibar?* — Kinondoni, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana mwanangu. Hapana, 0777 haithibitishi kuwa mtu yuko Zanzibar.

Najua kwa nini alikwambia hivyo na kwa nini ulimwamini. Zantel ilipoanza 1999 ilianzia kwetu, na namba zake za kwanza zilikuwa 0747. Katikati ya miaka ya 2000 namba za mkononi zilipopangwa upya zikawa 0777, kama 0744 ya Vodacom ilivyogeuka 0754. Kwa miaka mingi mtu wa bara akiona 0777 alisema "huyo Mzanzibari," na mara nyingi hakukosea. Lakini namba ya mkononi tangu mwanzo ilikuwa ya kampuni, haikuwa ya mahali. Mtu wa Mbeya angeweza kununua laini ile ile. Na tangu Machi 2017 mtu anaruhusiwa kuhamia kampuni nyingine akaondoka na namba yake, kwa hiyo siku hizi 0777 haikwambii hata kampuni kwa yakini.

024 ndiyo ya mahali. Waya wake umefungwa ukutani, na huwezi kuutia mfukoni ukapanda nao basi. Ukitaka kufanya biashara na duka la Zanzibar usilolijua, uliza kama wana simu ya mezani, uipige saa za kazi, usikie nani anaitikia. Wengi hawanayo siku hizi, na kutokuwa nayo si dalili ya wizi. Lakini wakiwa nayo, umepata mlango unaoweza kwenda kuugonga. Kwa pesa yako, nenda polisi na ujumbe wa muamala na namba ile. Usinyamaze.

SWALI: *Bi Mkubwa, baba yetu aliacha kasha la karatasi. Ndani mna kitabu cha simu cha nchi nzima cha miaka ya 1980, jalada limetoka, kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa lakini za Zanzibar zote zipo. Mke wangu anasema tuchome pamoja na takataka nyingine. Kina faida yoyote?* — Limbani, Wete

JIBU: Usikichome! Nakuomba kama ninavyomuomba mwanangu wa kumzaa. Na mwambie shemeji namsalimu, wala simlaumu. Mchwa wakiingia kasha moja wanakwenda la pili.

Kitoe nje kwenye kivuli, si juani, maana jua litazikausha kurasa zikavunjika. Kipukute taratibu, ukitie katika mfuko safi wa karatasi, usitumie nailoni inayofungia jasho. Kisha ukipata mtu anayekuja Unguja, akifikishe Nyaraka za Taifa, Kilimani. Wao wanajua namna ya kukitunza.

Kitabu kile ndicho ramani ya mji wetu kuliko ramani. Kinakwambia nani alikuwa na duka Darajani, daktari yupi alikuwa na zahanati mtaa gani, mkahawa upi ulikuwapo, ofisi ipi ilikuwa na simu tatu na kijiji kipi hakikuwa na hata moja. Mstari mmoja mmoja, jina na tarakimu. Yule mjukuu wa Malindi aliyeniandikia hapo juu, babu yake yumo humo.

Na nina ombi langu mwenyewe. Kabla hujakituma, nifungulie kurasa za Pemba, utafute Mkoani. Kulikuwa na duka karibu na bandari, sisi maopereta tukilijua kwa tarakimu mbili za mwisho tu, sabini na moja. Simu ya mtu yeyote wa upande ule ilipita kwake. Tulikuwa tukimwambia, "Sabini na moja, kuna simu ya mama fulani, ni mwanawe yuko Dar," na yeye hujibu, "Mshikilie, mshikilie," kisha tunasikia mkono wa simu ukiwekwa juu ya meza ya mbao na ndara zake zikikimbia barazani. Mara nyingine alikimbia mpaka shambani. Tulimshikilia huyo wa Dar, na dakika za kusubiri hatukuziandika kwenye tiketi, tulikuwa tumekubaliana hivyo chumba kizima. Halafu ndara zinarudi, na nyuma yake mwanamke anahema.

Miaka kumi na zaidi nilizungumza na mtu huyo karibu kila siku na jina lake sikulijua, kwa kuwa hatukulihitaji. Litazame hapo, namba inayoishia 71, uniandikie anaitwaje.